Mkate Uliookwa Mara Mbili

Mama yangu aliwapikia Wataliani kule Kismayu miaka mingi, na alichotoka nacho kwao ni biskoti. Akanifunza. Nilipoolewa Lamu, miaka ya hamsini, nilikuja nazo kichwani, maana mikononi sikuwa na kitu cha kutajika.

Mume wangu alikaa nami siku arubaini, akarudi kazini Mombasa. Nikabaki na mavyaa, mama yake, mwanamke asiyenena mpaka alazimike. Majirani walinisalimu vizuri, wakapita. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi miezi minane ilipita na hata hilo jembe sikupewa. Nilikuwa na upweke wa kuzungumza na mtungi wa maji.

Basi nikasema nitapika, huenda wakaja. Nilichanganya unga, mayai, sukari na lozi, nikatia iliki kwa kuwa mbegu aliyotumia mama sikuipata. Nikafinyanga mikate miwili mirefu, nikaipalia makaa juu na chini. Ilipoiva nikaikata vipande vya mshazari, nikavirudisha motoni vikauke kabisa. Hapo ndipo utamu wake, kwani biskoti huchovywa katika kahawa. Nikampa mavyaa sahani, kisha nikavaa buibui nikapeleka nyumba tatu za jirani. Kwa haya zangu sikueleza kitu. Niliweka sahani, nikaondoka.

Kesho yake baada ya alasiri, wakaja. Nyumba ilijaa! Mmoja alileta halua, mwingine asumini, wa tatu mtandio wa kumpelekea mama yangu. Nilishangaa kidogo, lakini mwenye furaha haulizi maswali. Nikamimina kahawa. Walinitania, wakanishika mabega, wakaniita mwana wetu.

Kisha mkubwa wao akanibusu kichwani.

"Mngu akupe ndia yema, mwanangu. Waondoka lini?"

"Naondoka kwenda wapi, Bi?"

"Kwenu. Si tumeyaona masurufu yako?"

Ndipo nikafahamu. Mtaani pale mkate haukuwa ukikaushwa motoni mara ya pili ila kwa msafiri, ukae siku nyingi chomboni bila kuota ukungu. Na anayewapitishia majirani sahani za mkate huo huwa anawaaga. Nilikuwa nimewaaga bila kujua, nao wamekuja kunipa mkono wa safari.

"Siendi popote," nikasema. "Ni vitafunio tu vya kwetu."

Wakacheka sana, nami nikacheka nao. Lakini katika wanawake wote wale hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini naondoka, wala aliyesema, kaa. Hilo liliniuma kuliko kicheko. Mazungumzo yakaisha, kila mmoja akakumbuka chungu alichoacha jikoni, na mwenye mtandio akauchukua akaenda nao.

Nikapanda chumbani nijifiche. Nilimkuta mavyaa amepiga magoti sakafuni. Nguo zangu zote alikwisha kuzikunja, mpaka ile ya harusi, na alikuwa akizifunga katika kanga kwa fundo la kukaza. Nikamwambia siendi.

Mikono yake ikasimama.

"Kumbe hwendi," akasema, akashuka kuosha vikombe.

Nilikaa nikalia. Kisha nikavuta lile furushi, na fundo lilikuwa gumu hata nikalifungua kwa meno.