Mstari Niliouchora Barabara ya Umbilo

Kuna Jumanne moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yenu hapendi kunisikia nikisema hivyo. Ilikuwa Durban, mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia, mwezi wa pili, jua la kuunguza shingo. Nilikuwa na miaka thelathini, ndevu zimejaa, nikijiona mtu mkubwa. Kwa nini nisijione? Barabara nzima ya Umbilo ilikuwa ikiniita mpatanishi.

Kazi yetu ilikuwa kulinda magari. Unavaa kizibao cha kung'aa, unamwonyesha dereva pa kuegesha, unalitazama gari lake hadi atoke dukani, naye akipenda anakupa chochote. Wengi wetu tulitoka Kongo na Burundi. Walikuwepo waliokuwa walimu kwao, fundi wa redio, hata karani wa mahakama, na wote sasa tulikuwa tukipunga mikono: rudi nyuma, rudi, basi, simama. Sisemi kwa kudharau. Kazi ile ilitulisha, na kila mtu alikuwa na kipande chake cha barabara alichokizoea kama shamba lake.

Mkongwe wetu alikuwa Papa Kasongo, yaani Baba Kasongo kwa lugha ya Wakongo, Mkongo wa mashariki, mwenye miaka sitini na kitu, mwembamba, na kofia ya kitambaa aliyoifua kila Jumapili jioni. Kipande chake kilianzia kwenye duka la mikate na kuishia kwenye duka la dawa la jirani. Alikisimamia miaka kumi na mmoja. Alijua gari lipi lina breki mbovu, na mteja yupi hapendi kusemeshwa asubuhi. Hakuwa na kazi nyingine, wala umri wa kwenda kutafuta nyingine.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Waliokuwa wakilinda sehemu ya juu, karibu na robot, yaani taa za barabarani, na sisi wa sehemu ya chini, karibu na kituo cha petroli, tuligombana Jumamosi moja juu ya magari ya watu waliokuja harusini. Fimbo zilitembea. Kijana mmoja alishonwa nyuzi kichwani. Wala haikuwa vita ya kabila, mwanangu, usije ukadanganyika. Wakongo na Warundi tulikuwa tumechanganyika juu na chini, na Jumapili tulisali kanisa moja.

Ndipo nikaingia mimi. Nilimwita Dezire, mkubwa wa watu wa juu, nikawaita na wa kwetu, tukakutana nyuma ya kituo cha petroli. Tukakubaliana kila mtu abaki pale aliposimama siku ile, kwa wiki mbili tu, hadi hasira zishuke. Baada ya hapo tungekaa tugawane barabara vizuri. Nilikwenda kununua kopo la rangi nyeupe, nikachora mstari kutoka ukingo wa lami hadi ukuta wa maduka. Wakanipigia makofi, wakaniletea soda baridi.

Mstari ule ulipita katikati ya duka la mikate na duka la dawa, yaani ulikata kipande cha Papa Kasongo vipande viwili. Siku hiyo alikuwa kliniki kuchukua vidonge vya presha. Hatukumngoja. Kwa kuwa kiti chake kilikuwa mbele ya duka la mikate, tulimhesabu kuwa wa juu, na duka la dawa likawa letu. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha, akauangalia mstari, akaniuliza ni kwa muda gani. Nikamwambia wiki mbili. Akatikisa kichwa kukubali, akaketi.

Wiki mbili zikapita. Mtu wa kuitisha kikao nilikuwa mimi, nami sikukiitisha. Nakuambia ukweli kwa sababu nimekomaa na sina tena haja ya kujipamba: mstari ule ulinipa heshima. Kila aliyetaka kuuvuka kwa shida yoyote ilibidi aje kwangu. Mwezi ukawa mmoja, ikawa saba. Choo na bomba la maji la kituo cha petroli vilibaki kwetu, kwa hiyo watu wa juu walikwenda kuhangaika mitaa ya nyuma. Vivuli vya mabati ya maduka vilibaki kwao, nasi tukaungua. Hata kanisani tukaanza kuketi mbalimbali, wa juu kushoto, wa chini kulia, na mchungaji hakuelewa nini kimetupata.

Kulikuwa na kijana mgeni aitwaye Bonifasi, miezi mitatu tu tangu ajiunge nasi. Siku moja nilimsikia akimweleza mwenzake kwamba huo ni mpaka wa tangu zamani, hata wazee waliukuta. Nilicheka sana. Nikaacha aendelee kuamini hivyo.

Sasa hiyo Jumanne. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mzee, aliyeendesha gari lake mwenyewe kutoka mtaa wa Sydenham kuja kuchukua dawa. Sote tulimwita Anti, kama watu wa Durban wanavyomwita kila mwanamke wa umri ule. Alitembea kwa fremu ya chuma yenye miguu minne, ile ya kukunja, iliyokaa nyuma ya gari. Kwa miaka mingi ni Papa Kasongo aliyeitoa, akaikunjua, akamshika kiwiko hadi mlangoni. Tangu mstari uchorwe Anti alikuwa hajaja, alikuwa mgonjwa. Siku hiyo akaja, akaegesha mbele ya duka la dawa. Upande wetu.

Papa Kasongo aliinuka kitini kabla injini haijazimwa. Akauvuka mstari. Nikamkabili, kifua mbele.

"Papa, huku si kwenu. Rudi upande wako."

"Etieni, ni Anti tu. Ninamusaidia, ninarudia."

"Leo Anti, kesho utataka na wengine. Tukifungua kwa mmoja tumefungua kwa wote."

Ndivyo nilivyomwambia mtu aliyeweza kunizaa. Na watu wa kwangu walikuwa wakitazama, nami nilipenda watazame. Hakubishana. Alirudi nyuma, akasimama, ncha za viatu vyake zikigusa rangi nyeupe.

Nikaenda mwenyewe kwa Anti, kwa madaha. Nilitoa fremu, nikaikunjua, nikamwekea mbele. Sikujua kuwa pale katikati kuna kitufe cha kubonyeza ili miguu ikaze isijikunje tena. Papa Kasongo alijua. Anti akaiegemea, ikajikunja, akaangukia mkono kwenye lami. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Watu wa juu walikimbia hadi kwenye mstari, wakasimama. Wa chini nao wakasimama. Nami nilisimama, mikono imening'inia. Aliyetembea alikuwa mzee peke yake. Alipiga magoti, akavua kofia yake akamwekea chini ya kichwa, akaanza kumsemesha taratibu kwa Kiingereza chake kidogo. Anti akamwuliza alikuwa wapi. Akamjibu kwamba alikuwa hapa hapa karibu. Hakunitaja.

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtoto wa Anti alipokuja kumchukua kumpeleka hospitali, Papa Kasongo aliniita tuketi ukingoni mwa barabara. Nilijiandaa kutukanwa, nikaona ni haki yangu. Badala yake alinisimulia habari za kwao.

"Kwetu iko mto kidogo," alianza, kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambacho mahali ni "fasi" na lakini ni "mais" ya Kifaransa. "Wakati wa vita, bakubwa ya pande mbili bakakutana, bakasema risasi isimame, kila mutu abakie fasi iko leo. Tuliimba, Etieni. Ilikuwa jambo muzuri. Mais unajua mustari ulipita wapi? Ulipita fasi askari alichokea. Mumoja alichokea katika shamba ya maharagi ya mama yangu."

Nikamwuliza ilikuwa kwa muda gani.

"Banasema wiki mbili. Tukangoja. Kwanza kamba. Halafu kibanda, ya kujikinga mvua. Ile siku niliona banachimba choo, nikajua hawa habaendi tena."

Akanieleza yaliyofuata. Kamba ikawa mti wa kufunga njia, na mti ukawekewa mtu mwenye muhuri. Mama yake, ili akapalilie maharage yake mwenyewe, ilibidi awe na karatasi. Zahanati ilikuwa ng'ambo, na dada yake mkubwa alikuwa ameolewa ng'ambo, mwendo wa kusikia jogoo. Miaka michache tu, watoto waliozaliwa huku wakawa wanauliza wale wa kule ni kabila gani. Mama yao alipofariki, dada alisikia kilio kwa masikio yake. Akaja mbio hadi kwenye ule mti. Mwenye muhuri alikuwa amekwenda kula. Akangoja pale, na aliporuhusiwa kupita, walikuwa wanarudi kutoka kaburini na majembe begani.

Papa Kasongo akafuta vumbi kwenye kofia yake. Kisha akaniangalia bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililonivunja.

"Weye hauko mutu mubaya. Ulisimamisha fimbo, mimi nilishukuru Mungu. Mais sasa umechimba choo."

Nimekutana na watu wengi waliosoma, mwanangu, na wengine wana ofisi zenye zulia. Sijaona mwingine kama yule. Alikuwa na kila sababu ya kuniaibisha mbele ya wenzangu, naye alinipeleka pembeni, akanipa kidonda chake mwenyewe nikitazame. Hakuomba arudishiwe kipande chake. Aliinuka, akarudi kitini kwake, akasubiri magari.

Niliwaambia wenzangu siku hiyo hiyo kwamba mstari uondoke. Walikataa. Walisema choo ni chetu, na kwamba wa juu wakipewa kidole watachukua mkono. Bonifasi alisema hatuwezi kuvuruga mambo ya wazee. Mabishano yakala siku kadhaa. Jumatatu asubuhi nikachoka kubembeleza. Nilinunua thina ya kuyeyusha rangi na brashi ya waya, nikapiga magoti kwenye lami mbele ya wateja, nikaanza kusugua. Rangi niliyoipaka kwa robo saa ilikataa kutoka. Wa kwangu walikuwa wakiniuliza kama nina malaria. Dezire alikuja akasimama juu yangu, mikono mfukoni.

"Eish, Etieni. Peke yako hautamaliza mupaka kesho."

Akaondoka. Nilidhani ananicheka. Akarudi na brashi nyingine, akapiga magoti upande wake. Kufikia saa sita tulikuwa watu saba, wa juu na wa chini, vidole vimebabuka, na jioni ile tulikaa kile kikao cha wiki mbili ambacho kilichelewa miezi saba.

Ila kiti cha Papa Kasongo hakikuwepo. Nilikuwa nimesugua asubuhi nzima nikitazama kila dakika kama anakuja aone. Mwenye duka la mikate ndiye aliyeniambia kwamba mzee alimuaga Jumamosi, akahama na kiti chake. Kwa nusu ya kipande hakuweza kula, na alikuwa anatafuta mahali pengine tangu mwezi uliopita. Amepata nafasi Isipingo, kusini mwa jiji.

Nilipanda taxi, zile daladala za kule, siku iliyofuata. Nilimkuta karibu na stendi, mbele ya duka la mablanketi, amevaa kizibao cha kuazima kinachompwaya. Nikamwambia mstari umefutwa, wote tumeufuta, aje nyumbani. Alifurahi kweli. Alinishika mkono akaushikilia kitambo, na macho yake yalikuwa na maji.

"Bafungulie njia bote, ni vizuri sana," alisema. "Mais mimi sirudie, mutoto yangu. Hapa bamenipokea, bamesogea bakanipa fasi. Sina nguvu ya kuanza mara ingine." Halafu akaongeza: "Anti akipona mukono, unijulishe siku anakuja."

Nilimjulisha. Na kila Jumanne, muda wote Anti alipokuwa anakuja, Papa Kasongo alitoka Isipingo kwa taxi mbili, akasimama mbele ya duka la dawa, akabonyeza kile kitufe, akamshika kiwiko. Akimaliza alitusalimia wa juu na wa chini, kila mmoja kwa jina, akarudi kazini kwake. Mimi nilimlilia kimoyomoyo kila alipopanda taxi ya kurudi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiweza kusimamisha ugomvi, usimamishe, hata kwa mstari wa chaki. Sikukatazi. Lakini siku hiyo hiyo, kabla rangi haijakauka, taja mbele ya watu siku ya kuufuta na mtu wa kuufuta, na mtu huyo asiwe yule anayenufaika nao. Usichore chochote kabla hujamtafuta anayeishi pale kinapopita, hata kama yuko kliniki, hata kama wenye fimbo wana haraka. Wenye fimbo hukaa mbali na mstari. Anayelala juu yake ni mama mwenye maharage, ni mzee mwenye kiti chake. Ukimsikia mtu anasema mpaka fulani ni wa tangu zamani, mwulize nani alisimama pale siku ya kwanza na kwa nini alichoka hapo. Na usijidanganye kama nilivyojidanganya, kwamba ukifuta mambo yanarudi yalivyokuwa. Rangi hutoka. Aliyehama amehama.

Mungu akupe sauti ya kutuliza ugomvi, na akupe magoti ya kupiga siku ya kufuta ulichochora. Akuweke karibu na watu wa aina ya Papa Kasongo, na akujalie uwasikie wakiwa bado wameketi. Nawe uishi siku nyingi, mwanangu, na asiwepo jirani yako hata mmoja atakayekunja kiti chake akahama kwa sababu yako.