Maman Godelive na kifua cha Mugisho

Kwenye karatasi za kazi aliandikwa citoyenne, yaani mwananchi, Nabintu, kwa sababu miaka ile majina ya kizungu yalikatazwa. Sisi wa mutaa wa Kadutu tulimuita tu Maman Godelive. Alikuwa infirmière, muuguzi wa hospitali, mufupi, mukali kabisa, na akikuchoma sindano unasahau jina lako.

Mutoto wangu Mugisho alikuwa na miezi minane, na pneumonie, homa ya mapafu isiyosikia dawa. Penisilini siku kumi, bure. Radio, ile picha ya kifua, ilibaki nyeupe. Dokta alianza kukwepa macho yangu, na mimi si mujinga. Nilikuwa nimekwisha kuzika mutoto mumoja.

Maman Godelive hakuniuliza tunamupa mutoto nini; alisema wamama tunajua kudanganya. Aliinama tu, akanusa pua yake. Kisha akanitoa inje, tukamungojea mama mukwe wangu, aliyeshuka kutoka Kabare kila asubui kumuona mujukuu. Tukachungulia dirishani. Bibi akamulaza mutoto chali, akafungua kachupa ka mavuta ya ngombe ili amudondoshee puani, jinsi mama yake alivyomufundisha, eti kikohozi kilainike. Maman Godelive aliingia mbio, akamushika mukono.

Dokta akavuta makohozi ya mutoto, akayatazama kwenye mikroskopi: matone ya mavuta. Alisema pneumonie ya namna ile aliisoma tu kwenye kitabu. Hakuna sindano ya kuiponyesha. Mavuta yakome, mutoto abebwe wima, apigwe mugongo polepole mpaka kifua kijisafishe.

Maneno niliyotaka kumutupia bibi, siyasemi hapa. Maman Godelive alinikanyaga muguu, tena kwa nguvu, akamueleza mwenyewe kwa Mashi, luga ya kwao, bila haraka, kana kwamba hajawai kumugombeza mutu.

Bibi akauliza, «Sasa nitamupenda na nini?»

«Na hii mikono, maman. Lakini mutoto iko wa Delphine. Umuombe yeye,» akasema, akinionyesha mimi.

Kisha akatoka, akatuacha.

Bibi hakuweza hata kunitazama. Mimi nilikuwa ningali na hasira, sidanganyi. Ila nilimuona anaificha mikono ndani ya kitenge, moyo ukaniuma. Nilimuinua Mugisho, nikamuweka begani mwake. Akaniomba nisiende, nikae karibu nimuangalie, kwani alikuwa anaogopa mikono yake mwenyewe.

Nilikaa. Wiki sita tulikaa hivyo, yeye anapiga mugongo, mimi naangalia, mpaka radio ikatoka safi.