Salamu ya Uani

Nyumbani kwetu Kilwa Kivinje, bibi yangu mzaa mama alikuwa mwenye mdomo, na mimi, kwa bahati mbaya yake, nikaurithi. Tuligombana kwa kila jambo, lakini ugomvi mkubwa kuliko yote ulitokana na salamu.

Kila asubuhi alikuja mama mmoja mzee kunywa kahawa na Bibi. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe. Za Bibi ndiyo kwanza zinaanza mvi. Hata hivyo yule mama alipitia mlango wa uani, akasimama, akamwambia Bibi, "Shikamoo." Bibi akajibu, "Marahaba," bila hata kugeuza shingo. Sababu yake mji mzima uliijua: mama yake yule mzee alikuwa mtumwa wa nyumba yetu. Waingereza walikwisha kuupiga marufuku utumwa, ila salamu ilibaki palepale. Hata mimi, nisiyejua kufunga kanga sawasawa, nilipewa shikamoo.

Chuoni, nilikosoma Kurani, mwalimu alitufundisha kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Basi nikawa namvizia yule mzee uani, na kabla hajafungua kinywa nimeshapiga kelele, "Shikamoo, bibi!" Yeye hutazama chini, asijibu. Marahaba yake niliitamani kuliko halua.

Siku moja nikafanya hivyo mbele ya wageni. Bibi akaniwakia, "Tangu lini waungwana wakawaamkia watumwa?"

Yule mzee akaweka kikombe chini, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Nyumba ikapooza. Bibi akawa anaisingizia kahawa, mara kali mno, mara maji matupu. Mwisho akanituma nikamwite mwenzake. Mzee akanijibu kwa upole, "Mwambie bibi yako, akinihitaji, kwangu anakujua."

Nilidhani Bibi atatukana. Wapi! Alivaa buibui, akanishika mkono, tukapita mjini mchana kweupe, wanawake wakituchungulia madirishani. Tulipofika akapiga hodi, tukakaribishwa. Mzee alikuwa ameketi mkekani akipeta mchele, na safari hii hakumwamkia mtu. Nikajiuma ulimi nisije nikamwahi Bibi.

"Shikamoo, dada," Bibi alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Ungo ukasimama. Nilimwonea Bibi huruma, na hilo lilikuwa jambo jipya kwangu.

"Marahaba, mdogo wangu." Mzee akasogea, akaupigapiga mkeka. "Haya, kaa. Taratibu, usije ukaniangukia. Nimekubeba mgongoni mpaka ukaota meno, uzito wako naujua."

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha, machozi yakaendelea.