Noti Kwenye Paji la Uso

Mimi ndiye niliyemvunja meno mwalimu wangu, kwa kipaza sauti, mchana kweupe, kwenye mgahawa wa ghorofa ya pili pale mtaa wa Xiaobei. Nalisema wazi kwa sababu hapa Guangzhou wapo wanaowasingizia jamaa waliokaa meza ya mbele siku hiyo.

Alikuwa Mkyuba, mzee aliyekula chumvi nyingi. Tangu ujana wake aliimba son, muziki wa kwao wa zamani: kwanza nyumbani, kisha kwenye meli za watalii, mwishowe kwenye mahoteli ya China. Mdomo wake ndio uliomlisha. Mimi nilikuja kununua nguo za jumla kwenye soko la Zhanqian, nikamsikia akiimba muziki ule ule niliokua nao kwenye santuri za baba, Dar es Salaam, bila kuelewa hata neno. Akanichukua niwe mwitikiaji wake. Nikikosea mapigo, alinichapa vidole kwa vile vijiti vyake viwili vya kugongea. Nilimpenda, na vidole viliniuma kweli.

Siku hiyo Watanzania walikuwa na harusi. Mzee aliimba amefumba macho, jasho linamtiririka. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo akacheza mpaka mbele, furaha imempanda.

"Laoban, bosi wangu, unaua! Pokea hii!"

Akambandika noti kwenye paji la uso, paa! Kwetu ndivyo tunavyomtunza mwimbaji. Mzee akafumbua macho akidhani amepigwa kofi mbele za watu, akamtandika yule ndugu vijiti vya uso. Pua ikapasuka. Damu iliruka hadi kwenye keki.

Mle ndani ni mimi peke yangu niliyewaelewa wote wawili. Neno moja lingetosha. Lakini niliona damu ya mtu wa kwetu, nikakumbuka na vidole vyangu, hasira zikanipanda. Nikampiga mdomoni, nikarudia.

Yalitoka meno manne ya mbele. Ya bandia aliyowekewa yakawa yanapiga mluzi kila akiimba, akaacha kuimba. Sasa naimba mimi, yeye anagonga vijiti nyuma yangu. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo linanitesa kuliko matusi.

Juzi, katikati ya wimbo, aliviweka vijiti chini, akaja mbele yangu, akatoa noti. Akanibandika kwenye paji la uso kwa nguvu zake zote, kisogo changu kikagonga ukuta. Watu wakashangilia. Nilikuwa nimejiuma ulimi. Nikameza damu, nikaendelea kuimba.