Funda la Bibi, Chama cha Baba

Nikipita karibu na mtungi wa urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, harufu yake ya uchachu na moshi hunichekesha peke yangu barabarani. Namkumbuka Bibi, mlokole asiye na mzaha, na siku alipokiokoa chama.

Chama chenyewe baba yangu na wenzake walikianzisha Muyinga, huku Burundi, muda mfupi baada ya sisi kuvuka mpaka wa Kobero na magodoro yetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Kilikuwa chama kidogo cha siasa cha huku kwetu, chenye jambo moja tu: aliyerudi na aliyebaki wagawane shamba kwa mazungumzo, bila mapanga wala mahakama. Jambo zuri, lakini wanachama wote walikuwa sisi tuliorudi. Watu wakakicheka: "Chama cha Watanzania hicho!" Baba alijua waliobaki wasipoingia, kimekufa.

Basi akawaalika majirani nyumbani kwa Bibi, Bukirasazi, kule Gitega. Bibi hakutaka kuona pombe kwake, kwa hiyo Baba aliuficha mtungi jikoni, akamimina katika vikombe vya plastiki, kila mgeni na chake, kama tulivyozoea kambini. Mimi na dada tukavipeleka kwa adabu zote.

Wapi! Hakuna aliyegusa. Jua lilikuwa kali, midomo imewakauka, lakini Mzee Sebastiyani, aliyelima shamba letu miaka yote tuliyokuwa mbali, akatabasamu tu. "Merci, mwanangu. Sisi tuko bien, hatuna kiu." Wengine wakaanza kutafuta kofia zao. Masikini baba yangu, hotuba yake hata hajaianza.

Hapo Bibi akaingia kutoka kanisani, Biblia kwapani. Akatazama vikombe, akatazama nyuso.

"We mwana," akamwambia Baba, "nani alikufundisha kuwapa watu pombe wasiyoiona ikitoka? Leta mtungi!"

Akashika mrija, akapiga funda refu mbele ya wote, kisha akampa Mzee Sebastiyani mrija uleule. Mzee akamtazama. Akanywa. Mtungi ukazunguka mpaka jioni, na hotuba ikasikilizwa.

Sisi watoto tulivunjika mbavu. Bibi kanywa! Kanisani walimtoa kwenye kwaya, na kwaya ndiyo ilikuwa raha yake ya dunia. Alipoitwa atubu alisema, "Nilikunywa. Na wakija tena, nitakunywa tena." Akahamia benchi la nyuma, akaimba kuwashinda wote.

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba watu waliopita vitani hawanywi kilichomiminwa mafichoni, na kwamba mwenye nyumba huonja kwanza ili kusema: kama ni kufa, tufe pamoja. Chama hakikupata viti vya maana, lakini shamba letu lilipimwa kwa kamba, tukagawana na Mzee Sebastiyani, huku watu wakicheka.

Kwaya haikumrudisha Bibi. Ila Mzee Sebastiyani, Mkatoliki wa kuzaliwa, akimaliza misa yake alikuja kanisani kwetu, akaketi naye benchi lile la nyuma, ili Bibi asiimbe peke yake.