Mama Alipomwosha Baba

Baba alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Kisugu, na jua halijapanda vizuri alikuwa tayari ana mazishi mawili. Shehe wa mtaa alisema maiti haingoji: aoshwe, asaliwe, azikwe kabla ya alasiri kwenye makaburi ya Wanubi, ndugu za mama. Baba mkubwa, kaka wa marehemu, akaja na gari, jeneza na mchungaji. Kwao kaskazini mwanamume huzikwa uani kwa wazazi wake, na huko kijijini kaburi lilikuwa linachimbwa.

Kosa lilikuwa la marehemu mwenyewe. Alibatizwa utotoni, akasilimu ili amwoe mama, na miaka yote ya upolisi alifunga Ramadhani bila kukosa, kisha Krismasi akaenda kuimba kanisani na kaka yake. Tulizoea kumtania kwamba mbinguni atafunguliwa milango miwili.

Siku hiyo sikuwa na utani. Mimi nina mdomo, na niliutumia. Nilimwambia baba mkubwa kwamba mama ana magoti mabovu, hawezi kusafiri siku nzima kila anapotaka kuomba dua kwenye kaburi la mumewe.

"Wewe binti, hii maneno si yako," akanijibu. "Mutu yetu anarudi nyumbani."

Mama alikuwa hajasema neno. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliungoja kwa hamu huo mshindo umwangukie shemeji yake. Badala yake akaagiza maji ya uvuguvugu.

"Mimi mwenyewe naogesha yeye," akasema. Shehe akakubali kwa kichwa. Mke ana haki hiyo.

Nilipeleka ndoo mlangoni, nikabaki nje ya pazia. Nilimsikia akisema, "Geuka kidogo, mzee yangu. Maji si moto." Akamgombeza kwa sababu ya bati linalovuja, ambalo aliahidi kuliziba tangu mvua za mwaka jana. Alipofika miguuni akamwambia asante. Nimeingia misikiti na makanisa makubwa ya mji huu, lakini uchaji kama ule sikuwahi kuuonja. Hata hasira zangu niliziona za kijinga.

Baba alitoka amevikwa sanda, akasaliwa uani. Baba mkubwa alivua viatu, akasimama nyuma ya safu. Swala ilipokwisha, mama akamwendea, mikono ya gauni lake ikiwa bado imelowa.

"Shemeji, mimi nimekaa na yeye miaka arobaini. Mama yake alikaa na yeye kumi na tisa tu, halafu kazi ya polisi ikachukua yeye. Mupeleke kwa mama yake."

Nilitaka kupiga kelele. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Lakini siku yangu ikifika, na mimi munilaze hapo kando yake, na sanda yangu."

Katika ua wa wazazi wao kijijini hakuna Mwislamu aliyewahi kuzikwa. Baba mkubwa akatoa simu, akawapigia wachimba kaburi. Alikuwa analia, mzee wa watu, wala hakujificha.

"Musimame kwanza," akasema. "Hiyo kaburi musongeshe kushoto. Muache nafasi ya mutu, mke yake anakuja." Akasikiliza kidogo. "Hapana, si leo. Lakini anakuja."