Meneja wa Msimu Mmoja

Asubuhi za kipupwe Newala huwa sina hakika kama nimeamka. Ukungu unafika mpaka kizingitini, mikorosho ya nyuma ya nyumba haionekani, na kinachonihakikishia kwamba dunia bado ipo ni mlio wa mashine za kubangulia korosho, ko, ko, ko, kutoka kwenye kiwanda changu kidogo hapo jirani. Niliacha ualimu kwa ajili ya mlio ule. Watu walisema nimerukwa na akili, na zipo siku niliwaamini.

Nilipoanza niliajiri wanawake kwa vijiji, maana ndivyo tulivyozoea kufanya mambo. Wa Kitangari, kwetu nilikozaliwa, walibangua. Wa Makote walikausha kwenye tanuri. Walikuja pamoja, wakaimba pamoja, wakataniana kwa Kimakonde kutwa, nami nikajiona hodari wa kupanga kazi. Kisha ukatokea msiba Makote. Wakaushaji wote wakaenda kuzika, kama ilivyo haki yao, na korosho zilizokwisha kubanguliwa zikabaki kwenye trei zikinyonya ukungu mpaka zikaota kuvu. Mnunuzi wetu wa Dar es Salaam akazikataa. Akasema mzigo unaofuata ukiwa hivyo, tusimtafute tena. Hatukuwa na mnunuzi mwingine. Bila yeye kiwanda kingefungwa, wanawake wale wangerudi nyumbani mikono mitupu, na mimi ningerudi kushika chaki.

Ndipo nikateremka Masasi kumtafuta mama mmoja mwenyeji wa Mwanza, ambaye mumewe, mtumishi wa serikali, alikuwa amehamishiwa Masasi. Alikuwa amesimamia viwanda vikubwa, na sasa alichukua kazi za muda tu: anaingia penye vurugu, anapanga shughuli, anaondoka. Tulikutana kwenye mgahawa karibu na stendi, milima ya mawe imetuinamia, bodaboda zinapiga kelele nje. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga chai.

"Mwalimu," akasema, "siku ukifiwa wewe, kiwandani atabaki nani?"

Nilikasirika. Mama yangu alikuwa kitandani Kitangari, hajiwezi, na huyu mgeni ananiuliza swali kama hilo huku anakoroga sukari! Nusura nimwachie chai yake. Lakini jibu lilikuwa hakuna, na nililijua, kwa hiyo nikamwajiri kwa msimu mmoja.

Mama yangu alipopata habari alicheka mpaka akakohoa. "Unamlipa mtu ili aondoke? Si ungemwacha hukohuko Masasi?"

Meneja akaja. Siku za mwanzo alikaa tu kwenye benchi, amejifunika khanga kwa baridi, akitutazama. Kisha akachanganya vijiji. Kila meza ikawa na mtu wa kila upande, na kila mwanamke akajifunza kazi ya mwenzake. Mama mmoja wa Makote, mtu mzima, mkali wa maneno, hakuvumilia.

"Kwani unataka tusizikane?"

"Shikamoo, mama," akajibu yule meneja. "Zikaneni. Nataka moto tu usizimike."

Mimi nisingeweza. Kila ambaye ningemhamisha meza alikuwa shangazi wa fulani, au binamu yangu, au mwenzangu wa kwaya. Yeye hakuwa na shangazi Newala. Hata ufunguo wa chumba cha kukaushia, niliozoea kuufunga kwenye pindo la khanga yangu, aliuomba akawapa wanawake waushike kwa zamu. Nilinuna wiki nzima.

Msimu ulipokwisha akaondoka asubuhi ya ukungu. Gari halijafika hata barabara kuu nikawa siioni tena mikono yake inayopunga. Niliumia, sikutegemea.

Mama yangu akafariki siku ambazo mzigo wa pili, ule wa kuamua kama mnunuzi atabaki nasi, ulikuwa kwenye tanuri. Nilikwenda Kitangari kama ninayetembea usingizini. Nilikaa kwenye mkeka nyumbani kwa mama, watu wakiingia na kutoka, sauti zao zikinifikia kwa mbali. Nikisinzia nasikia ko, ko, ko. Nikizinduka ni kimya na harufu ya uji. Wanawake wa kiwandani walikuja, lakini si wote. Yule mama wa Makote sikumwona, na moyo uliniuma kweli. Nilijiuliza ni korosho gani hizo zinazomzidi mama yangu.

Asubuhi ya kuzika, kengele ya kanisa imeshalia, pikapu ikasimama barabarani. Wakateremka wale waliobaki kiwandani, wakaja wakitokeza mmoja mmoja kwenye ukungu, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda, hawakungoja hata kunawa vizuri. Wenzao waliotangulia wakanishika mikono, wakaaga, wakapanda pikapu ileile kurudi kwenye moto. Hakuna aliyewaamuru.

Mama wa Makote akaketi karibu yangu mkekani.

"Pole, Mwalimu. Mzigo umekauka vizuri, mtu wa mnunuzi ameupokea, umeondoka, na mwingine uko motoni. Sasa tumekuja kulia."

Pindo la khanga yake, alikokuwa amefunga ufunguo, lilikuwa wazi; alikuwa ameukabidhi kwa waliopanda pikapu. Nikamlalia begani, nikamlilia mama yangu mpaka nikachoka, bila kufikiria korosho hata moja.